Kutafuta Mwenza, Lugha ya Mapenzi na Faragha Mtandaoni Jijini Dar es Salaam: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maswali haya nimeyakusanya kutoka kwa vijana, wazazi na watu wazima wanaonijia kwa ushauri wa mahusiano, wengi wao wakiwa na simu mkononi ili wanionyeshe mazungumzo yaliyowafikisha walipo. Nimeyajibu kwa lugha ya wazi pale inapohitajika, kwa sababu nimeona mara nyingi mno madhara ya aibu inayomfunga mtu kinywa hadi siku ambayo hana tena la kuokoa.

Mtandao umebadilisha nini hasa katika namna watu wa Dar es Salaam wanavyopata wenza?

Umemwondoa mtu wa kati. Katika utaratibu wa posa ambao wengi wetu tuliukuta, kijana hakwenda mwenyewe kwa wazazi wa binti. Alitumwa mshenga, mtu mzima mwenye heshima yake, ambaye kabla ya kufikisha barua alikuwa amekwisha kuulizia kwa majirani, kwa imamu au mchungaji, na kwa watu wa kijijini, habari za ukoo, tabia, maradhi na madeni ya pande zote mbili. Mshenga alikuwa na jina la kupoteza endapo ndoa ingevunjika kwa jambo ambalo yeye alipaswa kulijua. Hata nje ya posa rasmi, watu walikutanishwa na binamu, na mwenzao wa kwaya, na mfanyakazi mwenzao, au na mama muuza vitumbua ambaye anamjua kila anayepita mtaani kwake asubuhi. Aliyekosa wa kumkutanisha aliandika kwenye ukurasa wa marafiki gazetini na kusubiri majuma mengi.

Jiji lenyewe nalo limekua kuliko uwezo wa watu hao wa kati. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, wakiwamo maelfu kwa maelfu waliotoka mikoani, wapangaji wanaohama kutoka Tandale kwenda Mbagala na kutoka Mbagala kwenda Goba, wakiwaacha nyuma kila mara majirani waliokwisha kuwazoea. Mkongo wa intaneti wa SEACOM, unaopita chini ya bahari, ulipoanza kazi Julai 2009, na simu janja za bei nafuu zilipojaa Kariakoo katika miaka iliyofuata, mtu aliyekuwa peke yake katika chumba cha kupanga Manzese alipata kwa mara ya kwanza njia ya kuwafikia watu ambao asingekutana nao kamwe. Badoo ilikuwapo tangu 2006 na Tinder tangu 2012, lakini wengi wa wanaonijia hawakukutana katika programu zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Walikutana kwenye maoni ya Facebook, kwenye inboksi ya Instagram, kwenye kundi la WhatsApp la waliosoma pamoja, au TikTok.

Jambo hili si letu peke yetu. Nchini Marekani, utafiti wa Michael Rosenfeld na wenzake uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kwamba kati ya wapenzi wa jinsia tofauti waliokutana mwaka 2017, takriban asilimia 39 walikutana mtandaoni, wakati mwaka 2009 walikuwa asilimia 22, na kwamba waliopungua ni wale waliokutanishwa na marafiki na ndugu. Huko wamempoteza rafiki wa kati. Hapa tunampoteza mshenga. Kwa maoni yangu jambo la kulielewa kabla ya mengine yote ni hili: simu imetuletea watu wengi wa kuchagua na haikutuletea hata mmoja wa kuwadhamini. Karibu kila balaa ninalolieleza hapa chini linaingia kupitia pengo hilo.

Kwa nini watu huandika mtandaoni maneno ya mapenzi ambayo wasingethubutu kuyatamka ana kwa ana?

Watu wa pwani hawajawahi kukosa lugha ya matamanio. Walikuwa na njia yao ya kuisema. Mwanamke aliyevaa kanga iliyoandikwa "Japo sipati tamaa sikati" alikuwa ametangaza jambo zito bila kufungua kinywa, na aliyekusudiwa alielewa huku wengine wakiona nguo tu. Fumbo lilimlinda msemaji, kwani akiulizwa angeweza kujibu kwamba alinunua kanga kwa sababu ya rangi. Leo kazi hiyo inafanywa na status ya WhatsApp, na ninaposoma status za wateja wangu naona fumbo lile lile likiendelea. Tofauti ni kwamba kanga ilionwa na watu wa uani, ilhali status inasomwa na kila aliyehifadhi namba yako, akiwamo bosi, mama mkwe na fundi wa friji.

Mazungumzo ya wawili yana hali nyingine. Mtu anayeandika saa sita usiku haoni uso wa anayesoma, hasikii ukimya wake, na ana muda wa kufuta na kuandika upya hadi apate ujasiri ambao mezani asingekuwa nao. Katika hili kuna heri ambayo sitaki ipuuzwe. Mke mmoja, aliyekaa miaka sita akivumilia maumivu wakati wa tendo la ndoa kwa sababu alifundwa kwamba mke halalamiki kitandani, alimwandikia mumewe ujumbe akiwa kwenye daladala, na jioni ile mume alirudi na swali la hospitali gani waende. Wanawake wengi wamepata kupitia maandishi nafasi ya kusema wanachokipenda na wasichokipenda, na naamini ndoa kadhaa zimepona kwa ajili hiyo.

Lakini neno la mdomo hupotea na neno la simu hukaa. Ulichokiandika kwa mapenzi mwezi Januari kinaweza kupigwa skrinishoti na kuonyeshwa wifi mwezi Agosti. Ujumbe wa WhatsApp umefungwa kwa usimbaji tangu 2016 ili mtu wa tatu asiusome njiani, lakini usimbaji hauwezi kumzuia yule uliyemtumia.

Programu za kutafutia wachumba hunichaguliaje mtu?

Hukuchagulia kwa vitu vinavyopimika: umri, jinsia, umbali, na tabia yako ya kugusa picha hii na kuipita ile. Hazipimi subira, wala namna mtu anavyomsemesha kondakta.

Umbali wenyewe hupimwa kwa mstari ulionyooka. Nimemshuhudia dada wa Posta aliyeambiwa na programu kwamba kijana wake yuko kilomita mbili, naye akajiuliza kwa nini kila siku anachelewa, hadi alipogundua kwamba yuko Kigamboni, ng'ambo ya maji, na kila miadi inategemea foleni ya kivuko cha Magogoni au mzunguko wa Daraja la Nyerere. Umbali huo huo una hatari yake: mtu mwenye nia mbaya akilinganisha vipimo kutoka sehemu mbili tatu anaweza kukadiria unapoishi. Zima ruhusa ya mahali wakati hutumii programu.

Nitajuaje kwamba ninayechati naye ndiye kweli?

Fanya mwenyewe kazi ya mshenga. Anza na picha: ipakie kwenye huduma ya kutafuta kwa picha uone kama ni ya mwanamitindo wa nchi nyingine. Kisha omba simu ya video isiyo na maandalizi, mchana, akiwa anatembea, na angalia kama mahali anapokuonyesha panalingana na anapodai yupo. Tangu laini zilipoanza kusajiliwa kwa alama za vidole mwaka 2019, jina la mwenye laini huonekana unapotaka kutuma pesa, kabla hujathibitisha muamala. Wengi hulitumia jambo hili kuhakiki jina, nami naliunga mkono, ingawa laini iliyosajiliwa kwa kitambulisho cha mtu mwingine bado inaweza kukudanganya.

Hayo yote ni mambo ya simu, na simu ina mwisho wake. Swali lenye uzito zaidi ni kama kuna mtu mwingine yeyote anayemjua. Mwulize anasali wapi, alisoma wapi, rafiki yake wa karibu ni nani, kisha omba kukutana na mmoja wao mapema, kabla ya mambo kukolea. Mtu ambaye baada ya miezi mitatu bado hana hata rafiki mmoja wa kukujulisha amekwisha kukujibu. Nimewasikia vijana wakisema kwamba kuuliza hivyo ni kukosa imani. Wazee wetu waliuliza zaidi ya hapo kwa watu waliozaliwa mtaa mmoja.

Mkutano wa kwanza uwe mchana, mahali penye watu, kama Mlimani City au ufukwe wa Coco kabla ya jua kuzama. Nenda na kurudi kwa usafiri wako mwenyewe, na mwachie ndugu au rafiki jina, namba na picha ya unayekwenda kumwona.

Ameniomba nauli ili aje kunitembelea. Nitume?

Hili ndilo swali ninaloulizwa na wanaume kuliko jingine lolote, na aibu wanayokuja nayo ni kubwa kuliko fedha yenyewe. Hadithi hufanana: mmechati majuma mawili, sauti yake ni tamu, anasema yuko Morogoro au Tanga, anataka kuja Ijumaa, na anachokosa ni nauli pamoja na ya kutolea. Unatuma. Saa mbili baadaye mtoto wa dada yake anaugua, au basi limeharibika Chalinze, na inahitajika nyingine kidogo. Jumamosi namba haipatikani. Lugha ya mjini inasema nauli imeliwa.

Ushauri wangu ni kwamba usitume fedha kwa mtu ambaye hujakutana naye ana kwa ana, na usimwombe mtu kama huyo. Kama kweli unataka aje na huwezi kungoja, zungumza na kampuni ya basi au wakala wake, ulipie tiketi yenye jina lake kamili. Anayekuja kweli ataipokea kwa furaha, na aliyetaka fedha atakasirika. Au panda wewe basi ukamwone kwao, jambo ambalo mchumba mwenye nia njema alilifanya siku zote.

Nawasihi pia wanaume wanaotuma nauli wakiamini kwamba wamenunua kitu. Mwanamke aliyefika kwa nauli yako hadaiwi mwili wake. Anaweza kufika, akanywa soda, akakuona si wa moyo wake, akaondoka, na haki hiyo ni yake yote. Nimewasikiliza wanawake waliofungiwa chumbani Sinza kwa sababu ya nauli ya shilingi elfu ishirini, na kilichofanyika mle ndani sheria inakiita ubakaji.

Ukitapeliwa, peleka ujumbe na namba ya tapeli kwenda 15040, hifadhi kumbukumbu ya muamala, na utoe taarifa polisi na kwa kampuni yako ya simu. Piga pia *106# uone kama kuna laini usizozijua zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako cha NIDA.

Mpenzi wangu wa Ulaya amenitumia zawadi, nami nimepigiwa simu kwamba imezuiwa uwanja wa ndege na natakiwa kulipia ushuru.

Hakuna zawadi. Ushuru wa serikali hulipwa kwa namba maalumu ya kumbukumbu ya malipo, ile inayoitwa kontroli namba, na wala haulipwi kwa namba ya simu ya mtu binafsi. Kata mawasiliano na usirudi kumuaga.

Nimemhudumia mchumba niliyempata mtandaoni kwa mwaka mzima, naye ameolewa na mwingine. Naweza kudai?

Inategemea mliahidiana nini. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 69, inaruhusu kudai fidia kwa kuvunjwa kwa ahadi ya ndoa, na kifungu cha 71 kinaruhusu kudai zawadi zilizotolewa kwa kutarajia ndoa ambayo haikufungwa, endapo mahakama itaridhika kwamba mtoaji alizitoa kwa sharti la kufungwa kwa ndoa hiyo. Kwa hiyo kitu kilichopelekwa kwao kwa ajili ya ndoa kina nafasi ya kudaiwa. Bando, chakula cha jioni na vocha ulizotoa kwa mapenzi ya siku hiyo havina nafasi. Ujumbe wa simu unaweza kupokewa kama ushahidi chini ya Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015, hivyo usiufute kwa hasira.

Mpenzi wangu ananiomba picha za utupu. Nikikataa anasema simpendi.

Kataa, na liangalie vizuri neno hilo la pili kuliko ombi lenyewe. Watu wazima wawili wanaweza kutamaniana kwa namna nyingi, na simfundishi mtu mzima aone haya kwa mwili wake. Lakini anayefanya mapenzi kuwa mtihani wa utii leo atakuwa na picha hiyo mkononi siku mtakayogombana. Simu huibiwa kwenye mwendokasi, simu hupelekwa kwa fundi, simu hushikwa na mdogo wake. Hata picha ya kutazamwa mara moja inaweza kupigwa kwa simu ya pili iliyo pembeni.

Picha au video zangu zimesambazwa, au mtu anatishia kuzisambaza akidai fedha. Nifanye nini?

Kwanza, usiwe peke yako usiku huu. Mwambie mtu mmoja unayemwamini, dada, shangazi au rafiki, kwa sababu anayetisha anategemea kwamba utanyamaza. Watu wamejidhuru kwa sababu ya saa chache za upweke baada ya kile kinachoitwa koneksheni, yaani video ya faragha iliyovujishwa, kuzagaa, na saa hizo hupita.

Usilipe. Katika visa vilivyoletwa kwangu, aliyelipa mara ya kwanza alitakiwa kulipa mara ya pili, kwa kuwa amekwisha kuonyesha kwamba ana hofu na ana fedha. Usifute mazungumzo pia; piga skrinishoti zenye namba, jina la akaunti, tarehe na saa, kisha ndipo umzuie.

Sheria iko upande wako. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, katika kifungu cha 14, inaadhibu kuchapisha ponografia kupitia mfumo wa kompyuta kwa faini isiyopungua shilingi milioni 20 au kifungo kisichopungua miaka 7, au vyote viwili, na kifungu cha 23 kinahusu unyanyasaji wa mtandaoni, kwa faini isiyopungua shilingi milioni 5 au kifungo kisichopungua miaka 3. Wanaopokea video kwenye kundi na kuipeleka kundi jingine wakisema wao hawakuirekodi wanapaswa kuelewa kwamba nao wanasambaza. Nalisema hili kwa uchungu, kwa sababu jirani wengi wema, wanaosali, huona si dhambi kuangalia na kupeleka mbele aibu ya binti wa watu, na binti huyo ndiye anayehama mtaa.

Toa taarifa kwenye Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha polisi, na kama unaogopa kwenda peke yako, tafuta kwanza msaada wa kisheria kwa mashirika yaliyozoea mambo haya jijini, kama TAWLA, chama cha wanasheria wanawake, au WLAC, kituo cha msaada wa kisheria kwa wanawake. Mteja wangu mmoja alirudishwa na afisa aliyemuuliza kwa nini alijirekodi. Alirudi siku ya pili akiwa na mwanasheria, na jalada likafunguliwa.

Kuhusu kuziondoa, kuna huduma iitwayo StopNCII, iliyoanza Desemba 2021. Unachagua picha kwenye simu yako, na bila picha hiyo kutoka humo, inatengenezwa alama ya tarakimu inayofanana na alama ya kidole. Alama hiyo peke yake hupelekwa kwa mitandao shiriki, kama Facebook, Instagram na TikTok, ili nakala ikipakiwa itambuliwe na kuzuiwa. Kwa aliye kwenye picha akiwa chini ya miaka 18 kuna huduma ya namna hiyo iitwayo Take It Down, iliyoanza 2023. Huduma hizi haziwezi kuifikia nakala iliyomo ndani ya makundi binafsi ya WhatsApp, lakini zinaziba milango mikubwa, na video isiyopata mlango mkubwa huchakaa upesi.

Je, video za ngono zinaweza kumfundisha mtu mapenzi?

Zinamfundisha, na hapo ndipo penye tatizo. Kwa Wazaramo, wenyeji wa eneo hili, mwali alikaa ndani na kufundwa na kungwi mambo ya mwili, usafi, heshima na tendo lenyewe, kwa nyimbo na kwa vitendo. Mafundisho hayo yalikuwa na kasoro zake, na mengi yalimwelekeza mwanamke kumfurahisha mume huku yakisahau furaha yake mwenyewe. Lakini kungwi alikuwa mtu. Mwali aliweza kumuuliza, na baada ya harusi aliweza kumrudia na kusema mambo hayaendi.

Kijana wa leo wa Temeke, ambaye baba yake hajawahi kuzungumza naye neno lolote kuhusu ngono, anajifunza kutoka kwa waigizaji wanaolipwa, katika picha zilizokatwa na kuunganishwa ili ionekane kwamba tendo halichoshi, haliumi, halihitaji ruhusa wala maandalizi. Anakuja kwangu akidhani ni mgonjwa kwa sababu hadumu nusu saa. Mkewe anakuja siku nyingine kwa sababu anafanyiwa, bila kuulizwa, mambo ambayo mume aliyaona kwenye simu. Hakuna kati yao aliye mbaya. Wamefundwa na kungwi asiyejibu swali.

Serikali imejaribu njia ya kufunga. Mei 2025 mtandao wa X ulizuiwa nchini, na maudhui ya ngono, ambayo kampuni hiyo iliyaruhusu rasmi mwaka 2024, yakatajwa kuwa sababu. Wengi walikimbilia VPN, programu za kupita vizuizi vya mtandao, ingawa TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitaka watumiaji wa VPN wajisajili tangu Oktoba 2023. Sioni kwamba kufunga kutaziba pengo lililoachwa na kungwi. Mtandao huo huo una madaktari na wakunga wanaoeleza kwa Kiswahili fasaha ukavu wa uke, kukosa nguvu za kiume, uzazi wa mpango na hedhi, na nimewaona watu wazima wakilia kwa kugundua kwamba walichokiona kuwa laana ni tatizo linalotibika. Jihadhari tu na muuzaji dawa anayejiita daktari na kukutaka umfuate inboksi.

Watu wa jinsia moja wanaotafutana mtandaoni wako katika hali gani?

Katika hatari kubwa kuliko wengine. Kifungu cha 154 cha Kanuni za Adhabu kinaweka kwa kujamiiana kinyume cha maumbile kifungo kisichopungua miaka 30, na kinaweza kufika maisha. Oktoba 2018 aliyekuwa Mkuu wa Mkoa wa Dar es Salaam, Paul Makonda, alitangaza kikosi cha kuwasaka, mitandao ya kijamii ikiwamo, na mwezi uliofuata Wizara ya Mambo ya Nje ikasema huo haukuwa msimamo wa serikali. Matapeli walijifunza upesi: hufungua akaunti ya uongo, hupanga miadi, kisha hupiga, hupora na kutishia kuwatangaza kwa familia. Mtu aliyetegwa na kuporwa amedhulumiwa, awe nani. Anayepatwa na hili azungumze na mwanasheria kabla ya kwenda kituoni.

Binti yangu ana miaka 15 na nimekuta anachati na mwanamume mtu mzima. Nimnyang'anye simu?

Ukimnyang'anya kwanza, utapoteza ushahidi na utapoteza mdomo wake. Kaa naye, msikilize hadi mwisho bila kupiga kelele, na umwambie kwamba mwenye kosa ni mtu mzima. Kujamiiana na binti wa chini ya miaka 18 asiye mke wa mtu huyo ni ubakaji hata kama alikubali, tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ya mwaka 1998, na adhabu yake haipungui miaka 30. Picha za utupu za mtoto ni kosa kubwa kwa anayeziomba na anayezihifadhi. Usizipeleke kwenye simu yako wala kwa ndugu kwa ajili ya ushauri, acha simu yenyewe ifike polisi. Namba 116, Huduma ya Simu kwa Mtoto, hupigwa bure.

Simu utaizungumzia baadaye, mkiwa mmetulia.

Kuna la kiafya la kulifikiria kabla ya kulala na mtu niliyempata mtandaoni?

Pimeni pamoja, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2019 unaweza pia kujipima VVU mwenyewe. Tumieni kondomu hata majibu yakiwa mazuri. Kama kondomu imepasuka au umelazimishwa, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa zianze ndani ya saa 72 na hutumiwa kwa siku 28. Aliyebakwa anaweza kwenda moja kwa moja kwenye kituo cha Mkono kwa Mkono, kama kile cha Hospitali ya Amana. Usioge wala kufua nguo kabla ya kufika.

Tulikutana mtandaoni na sasa tunataka kuoana. Tuwaambie wazazi tulikutana wapi?

Waambieni ukweli. Wengi hutunga hadithi ya kukutana kwenye harusi ya rafiki, na hadithi hiyo hudai rafiki, harusi na tarehe, mpaka siku shangazi atakapouliza picha. Mzazi anapoogopa neno mtandao, anachokiogopa ni kwamba hakuna anayemjua kijana huyu, na hofu hiyo ni ya haki. Mpeni watu wa kuwauliza.

Mzee mmoja wa Magomeni, aliyeletewa habari hiyo na binti yake, hakuuliza jina la programu. Aliuliza kijana anaswali wapi, nani alimfundisha kazi yake, na kama yupo mtu mzima yeyote atakayekuja kukaa naye mkekani kwa niaba yake. Kijana alikuwa na mjomba Chanika. Mjomba alikuja Jumamosi iliyofuata, akiwa na barua ndani ya bahasha na kitambaa cheupe, na mzee akamtuma mdogo wake aende Chanika kuulizia, kama ambavyo angefanya miaka arobaini iliyopita.